Tatu Kati ya Kumi

Binti yangu Janelle alitafuta nyumba ya kununua akiwa mezani kwangu, siku ya Jumapili, huku nyama ya kuoka ikipoa. Mkono mmoja ulishika uma, mwingine simu. Mumewe, Trent, alikuwa amepata kazi kwenye maghala ya nafaka ya ushirika hapa Harlan Fork. Baada ya miaka ya Denver walikuwa wanarudi nyumbani na Maren, binti yao wa miaka minane, mjukuu pekee niliye naye. Mimi nilikuwa nimeshapanga kila kitu kichwani. Maren angeingia darasa la tatu mwaka huo, na darasa la tatu la Shule ya Msingi Cottonwood nalifundisha mimi. Nilitaka mjukuu wangu asome kwangu. Basi, sikutaka kingine.

"Hii ya mtaa wa Elm mbona nzuri," nikasema. "Ina ua. Mtoto anakuja shuleni kwa miguu."

"Mama, shule yenyewe ni tatu."

"Tatu nini?"

"Tatu kati ya kumi." Akanigeuzia simu. Chini ya picha za jiko na gereji kulikuwa na kiduara chekundu, na ndani yake namba tatu. Watu wa kuuza nyumba wanaiweka pale pale penye bei, ili mnunuzi asipate taabu ya kufikiri.

"Na shule ya Westridge, ng'ambo ya reli, ni ngapi?"

"Nane."

"Nani kasema?"

"Kila mtu anajua, Mama."

"Kila mtu yupi? Mimi nimo ndani ya hiyo shule tangu wewe hujazaliwa. Wewe mwenyewe umesoma pale. Ulitoka mjinga?"

Trent aliinamia viazi vyake kana kwamba vilikuwa na maandishi. Mkwe huyu ana akili kuliko anavyoonekana.

"Wakati ule palikuwa tofauti," Janelle akasema.

"Tofauti vipi?"

"Tofauti tu."

Neno hilo nimelisikia kwenye foleni ya duka, kwenye ngazi za kanisa, na kwa daktari wa meno wakati siwezi kujibu kwa sababu mdomo umejaa vyuma. Tofauti tu. Maana yake ni kwamba wakati ule watoto wote walikuwa weupe na baba zao walikuwa na mashamba. Kila mtu anajua hiyo ndiyo maana yake, na hakuna mwenye ubavu wa kuitamka. Badala yake wanaonyesha simu. Janelle akagusa kioo, na ikatokea duara nyingine iliyokatwa vipande kama pai, kila kipande na rangi yake: hawa wanatoka kwa akina fulani, hawa kwa akina fulani, na pembeni mstari wa wanaopewa chakula cha mchana cha bure. Niliitazama ile pai nikaona darasa langu limekatwakatwa kwa kisu.

Ngoja niseme kuhusu hiyo tatu, maana inanikera mpaka leo. Mjini kwetu kuna kiwanda cha nyama. Kiwanda kikiajiri, zinakuja familia, kutoka Guatemala, kutoka Somalia, kutoka Burma, na zikija hata mwezi wa Februari watoto wao tunawapokea sisi, kwa sababu nyumba za kupanga ziko upande wetu wa reli. Mtoto asiyejua Kiingereza jimbo linamweka kwenye kundi la wanaojifunza Kiingereza. Akishakijua, anatolewa kwenye kundi. Anayeingia badala yake ni yule aliyeshuka kwenye basi jana. Kisha kila mwaka jimbo linatuandikia kwa masikitiko makubwa kwamba kundi letu la wanaojifunza Kiingereza bado halijui Kiingereza. Ni kama kuilaumu hospitali kwamba wodi imejaa wagonjwa. Nilikuwa na msichana, Itzel Cux, aliyekuja hajui hata kuomba maji. Mwezi wa Mei alikuwa anawasomea wenzake kitabu cha farasi na kubadilisha sauti kwa kila farasi. Wakamtoa kwenye kundi. Kundi likaonekana limerudi nyuma.

Mwalimu mkuu wetu, Dwayne Haberman, ni mtu mwema aliyeharibiwa na asilimia. Siku za mtihani wa jimbo anagawa pipi za mnanaa, kwa kuwa amesikia mahali kwamba zinaamsha ubongo. Watoto wasiofika anawafuata majumbani kwa gari lake mwenyewe, kwa sababu utoro nao unahesabiwa. Mwaka mmoja alimleta mtoto ana homa. Mtoto akatapika juu ya kompyuta, na swali la kwanza la Haberman lilikuwa kama majibu yalikuwa yameshahifadhiwa.

Alipopata habari za Maren alinifuata hadi chumba cha walimu.

"Ardith, huyo ndiye mtoto wa aina tunayoihitaji."

"Aina gani?"

"Unajua bwana. Mwenye vitabu nyumbani."

Nilipaswa kumpa ukweli wake. Lakini nilicheka naye, kwa sababu nami kichwa kilikuwa kimevimba. Kila Jumapili walipokuwa Denver, Maren alikuwa akinisomea kitabu cha bata kwenye simu ya video, bila kukwama hata pale bata anapomtukana mbweha. Niliwaambia walimu wote. Mjukuu wangu anakuja, na anasoma kama maji.

Basi hakuja. Janelle na Trent walinunua nyumba upande wa pili wa reli, jiko dogo, bei kubwa, kiduara cha kijani. Nilienda kuwasaidia kufungua makasha nikiwa nimenuna, na nikahakikisha wanaona kwamba nimenuna. Niliwapelekea kolache, vile vimkate vya Kicheki vyenye jamu ya plamu, lakini sikukaa kula.

"Mama, usiwe hivyo," Janelle akaniambia mlangoni.

"Sina neno. Nimefurahi. Nane ni kubwa kuliko tatu, hesabu hiyo hata mimi naijua."

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa akanipigia simu. Westridge walikuwa wamempima Maren, kama wanavyowapima watoto wote wageni, na sasa walimwita mzazi. Trent alikuwa kazini. "Njoo na mimi," akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda.

Ofisi ya Westridge inanukia zulia jipya. Mwalimu mkuu wao, Bi Colleen Strand, alikuwa ameshaweka boksi la karatasi za kufutia machozi katikati ya meza. Ukiona umewekewa karatasi za machozi kabla hujakaa, ujue unakwenda kunyolewa bila maji.

"Maren ni mtoto mchangamfu," akaanza. "Ana adabu, ana maneno mengi. Kwa upande wa kusoma, herufi bado hazijatulia kwake. Maneno ya darasa la kwanza yanamshinda."

Nikacheka. "Umechanganya majalada, Bi Strand. Maren ananisomea mimi kila Jumapili."

Hakuna aliyecheka nami. Nikamgeukia binti yangu, naye alikuwa anatazama viatu vyake.

"Amekariri, Mama," akasema. "Kile cha bata amekikariri chote. Anajua pa kufunua ukurasa."

Nimefundisha watoto kusoma miaka thelathini na moja. Nilikaa pale nikajisikia mpumbavu kuanzia kichwani hadi unyayoni.

Bi Strand alisogeza boksi la karatasi kidogo upande wangu. "Mtoto kama Maren anastahili mwalimu maalumu, kila siku. Na habari njema ni kwamba huduma hiyo, kuanzia mwaka huu, iko Cottonwood. Basi litampitia mlangoni. Nadhani Bi Kucera hapa," akanielekezea kidole, "atakubaliana nami kwamba walimu wa kusoma wa Cottonwood hawana mfano wilayani."

"Huduma hiyo ilikuwa hapa mwezi wa Mei," nikasema. "Nilikuja kuazima vifaa vyenu. Mwalimu alikuwa anakaa chumba kile karibu na maktaba."

"Tumepanga upya."

"Lini?"

"Kiangazi hiki."

"Mna watoto wangapi wa mahitaji maalumu hapa, wa madarasa ya mtihani?"

"Bi Kucera, habari za wanafunzi ni siri."

"Siri gani? Zipo kwenye simu ya binti yangu, chini ya picha ya gereji."

Akatabasamu kwa meno ya mbele tu. "Kundi letu ni dogo mno kuonyeshwa."

Hapo nikaelewa, na sikuhitaji kuambiwa zaidi. Kundi lisipofika watoto kumi, jimbo halilihesabu, wala halitokei popote, kana kwamba watoto hao hawakuzaliwa. Likifika kumi linatokea, na alama zake zinaivuta shule nzima chini. Mtihani unaanzia darasa la tatu, na Maren alikuwa anaingia darasa la tatu. Bila shaka Bi Strand alikuwa na watoto tisa, na hakuwa tayari kumpokea wa kumi.

"Sema basi," nikamwambia. "Mwambie mama yake kwamba mtoto wake ni wa kumi."

"Sielewi unachomaanisha," akasema, akasimama kutuaga kwa mkono. Sikumpa wangu.

Kwenye maegesho Janelle hakuwasha gari. "Wa kumi wa nini, Mama?"

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali la kitoto. "Wanaruhusiwa kufanya hivyo?"

"Wamepanga upya. Kupanga upya kunaruhusiwa."

"Mimi nilinunua nyumba ile kwa ajili ya shule hii."

"Najua. Jiko lenyewe huwezi kugeuka."

"Mama, tafadhali." Akashika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa. "Nilijua tangu Denver. Kule walisema tusubiri, atakomaa. Nikajiambia shule yenye nane itajua la kufanya. Ndiyo maana nilitaka nane. Wewe ulidhani nawakimbia watoto wako."

"Uliwakimbia pia."

Mama mmoja akapita mbele yetu na pacha waliovaa fulana za Westridge.

"Ndiyo," akasema. "Niliwakimbia pia."

Kwa hilo nilimheshimu. Lakini hasira haikuwa imeisha. "Na mimi kwa nini hukuniambia? Kazi yangu ni nini, kuuza viatu? Mtoto hajui kusoma, bibi yake ni mwalimu wa kusoma, na nyinyi mnanificha kama watu walioiba."

"Kwa sababu ungesema nimlete kwako."

"Sasa kuna ubaya gani?"

"Kwa sababu ulikuwa unamjivunia sana," akasema. "Kila Jumapili. Nani angekuharibia?"

Nikamwambia awashe gari, joto lilikuwa linatuua.

Jioni Trent alirudi na vumbi la mahindi nyusini, akasikiliza habari yote akiwa amesimama. "Kwa hiyo tumenunua nyumba kwa ajili ya namba," akasema, "na namba yenyewe haitutaki." Akaenda kuoga. Nimesema, mkwe huyu ana akili.

Kesho yake nilimkuta Haberman ukumbini juu ya ngazi, anabandika bango lenye tai anayepaa.

"Maren anakuja kwetu," nikasema.

Uso ukamchanua. "Nilijua tu! Nilijua watazinduka."

"Shuka kwanza. Hajui kusoma. Anakuja na mwalimu maalumu."

Uso ukafifia, na macho yakapanda juu kidogo, mahali yanapopanda kila anapojumlisha. Sisi kundi hilo tunalo tangu zamani, limeshapita kumi, kwa hiyo Maren angehesabiwa tangu siku ya kwanza.

"Dwayne, usinihesabie mjukuu mbele yangu."

"Sihesabu."

"Midomo inacheza."

Haki yake apewe, alishuka kwenye ngazi, akaweka stepla chini, akajifuta mikono kwenye suruali. "Umkalishe wapi?" akauliza. "Karibu na dirisha au karibu na mlango? Wengine dirisha linawachukua akili." Nikamsamehe kidogo, si sana.

Mwaka ule ulikuwa mgumu, na sitaupaka rangi. Darasani Maren aliniita Bi Kucera kama wenzake, na nyumbani alikataa kuniita chochote. Mwalimu maalumu alimchukua kila asubuhi, mimi nikamchukua kila alasiri. Nilimwaga unga wa mahindi kwenye sinia, akawa anaandika herufi kwa kidole, anafuta, anaandika tena. Aliyekaa naye ni Hodan, msichana wa Kisomali aliyefika Novemba, na wote wawili herufi b na d ziliwachezea vile vile, kila mmoja kwa sababu yake. Hodan alizikamata kabla ya Pasaka. Siku hiyo Maren akalipindua sinia, na tukakanyaga unga hadi kengele.

"Mimi ni mjinga," akaniambia tulipokuwa tunafagia.

"Nani kakuambia?"

"Hakuna. Naona mwenyewe."

Ningejua la kumwambia mtoto wa mtu mwingine. Kwa huyu nikazidi kufagia.

Mtihani ukaja. Kanuni zinataka kuta zifunikwe, hata alfabeti, hata bango la siku za wiki, mtoto asije akaibia jibu kwenye Jumatano. Nikafunika chumba chote kwa karatasi ya kahawia mpaka kikaonekana kama kasha. Haberman akapita na pipi zake. Maren alikaa mbele ya kompyuta, akatazama hadithi ya kwanza, ambayo ilijaza kioo kizima, kisha akaanza kubofya. A, A, C, A. Alimaliza wa kwanza darasani.

"Nimemaliza, Bi Kucera," akasema, ametulia kabisa.

Kanuni zinasema mwalimu asiseme neno, asikunje uso, asimguse bega. Nilisimama pale nikiwa nimekunja ngumi ndani ya mifuko ya sweta. Ningeweza kumtafuna mtu aliyeziandika kanuni hizo.

Matokeo hayatoki hadi vuli, watoto wakiwa wameshapanda darasa, ili yasimsaidie yeyote. Mwaka huo yalitoka siku ambayo zamu ya kusimamia magari saa ya kutoka ilikuwa yangu. Nilikuwa ukingoni mwa barabara na kizibao cha manjano, magari yamepanga mstari hadi kwenye taa, kila mzazi anataka mtoto wake kwanza. Maren, sasa darasa la nne, alipanda kiti cha nyuma cha gari la mama yake. Janelle hakuondoka. Aliteremsha kioo, simu mkononi.

"Mama, imeshuka. Ni mbili."

"Nimesikia. Haberman hajatoka ofisini tangu asubuhi. Ondoa gari."

Akapunguza sauti, kana kwamba mtoto hayupo. "Ni kwa sababu yake?"

"Ni kwa sababu ya wengi."

"Na yeye yumo?"

"Na yeye yumo. Ondoa gari, Janelle, watu wanasubiri."

Nyuma yao mtu akapiga honi. Janelle hakusikia. Alikuwa anatazama kile kiduara chekundu, na safari hii hakuwa akikitazama kama mnunuzi wa nyumba. Nikamfokea aliyepiga honi.

Maren alikuwa amefungua mkanda na kujiinua katikati ya viti viwili vya mbele, kidevu begani kwa mama yake. Kidole chake kilipita juu ya bega hilo kikaenda kugusa kioo cha simu, chini ya duara, kwenye maandishi.

"Wa-na-fu-nzi," akasema. "Wanafunzi wa... shu-le. Wa shule hii."

Janelle akaganda. Darasani mwangu Maren aliishia kwenye maneno mafupi, kidole changu kikiwa chini ya kila herufi, na hata hayo aliyasoma kwa kulazimishwa. Hapa hakuna aliyemwomba. Hakuna kitabu cha bata kinachosema maneno yale.

"Wanafunzi wa shule hii wako chi... chini. Chini ya." Akakwama. Honi zilikuwa mbili sasa, kisha tatu. Nikainua mkono wangu wote kuyazuia magari, na wanilaani wakipenda.

"Wa," akasema Maren. "Wa-sta. Wa-sta-ni." Akapumua. "Wanafunzi wa shule hii wako chini ya wastani."

Janelle alikuwa analia waziwazi, anacheka na kulia, mkono umeufunika mdomo. Mimi nililia pia, nikiwa na kizibao, mbele ya foleni nzima, na nilikuwa na hasira. Ukiacha bata, hilo ndilo jambo la kwanza mjukuu wangu alilolisoma mwenyewe hapa duniani.

Alinigeukia dirishani, macho yanang'aa, anasubiri nimsifu.

"Bibi, wastani ni nini?"

Nikamwambia asome tena.